Mlango wa Bi Fundi

Kila asubuhi, kabla ya kwenda kuwafundisha watu utulivu, Sista Pumzi alimfungia mama yake ndani.

Si kwa ukatili, na tumtendee haki kwa kulisema hilo mapema. Kwanza alimwogesha, akampaka mafuta miguuni, akamlisha uji kijiko kwa kijiko huku akimbembeleza. Kisha alimkalisha kwenye kiti chenye mto, akamwekea pembeni rundo la nguo kuukuu, akawasha redio na kuongeza sauti mpaka mtangazaji akawa kama mtu anayegombana na jirani. Akishamaliza alitoka kinyumenyume kwa kunyata, hata mwizi hamfikii. Kufuli likalia, ufunguo ukaingia mfukoni mwa sare yake nyeupe, naye akashika njia ya zahanati akijiambia kwamba mama yuko salama. Alijiambia hivyo kila siku, na kila siku ilimbidi ajiambie tena.

Jina la Sista Pumzi alibandikwa na watu wa mtaa. Alikuwa muuguzi wa siku nyingi, mnene kiasi, mwenye sauti ya kubembeleza na miwani iliyopenda kuteleza puani. Mtu akimwendea hata kwa jino bovu, alianza kwa kumwambia, "Vuta pumzi. Ishike. Haya, iachie taratibu." Watoto walimwigiza barabarani, wakubwa wakacheka. Lakini hao hao wakubwa wakifiwa, au ndoa zao zikianza kuwaka moto, walimwendea, wakavuta pumzi kama walivyoambiwa, na wiki iliyofuata wakarudi tena.

Maana nyuma ya zahanati kulikuwa na ukumbi, na kwenye ukumbi huo Sista Pumzi aliendesha kikao ambacho sifa zake zilikuwa zimefika mbali. Watu walikaa kwa duara. Hakuna aliyehubiriwa, hakuna aliyeulizwa kilichomleta. Kila mmoja alipewa nguo iliyochakaa na wembe mdogo wa kutunza mwenyewe, na kazi yake ilikuwa kufumua mishono, uzi baada ya uzi, mpaka nguo irudi kuwa vipande vya kitambaa. Walifumua kimya, huku wakifuata pumzi zao zinavyoingia na kutoka. Walipimwa shinikizo la damu kabla ya kuanza na baada ya kumaliza, na kwa wengi lilikuwa linashuka. Kuna wale ambao halikushuka hata kidogo, nao pia walirudi, wakisema angalau usingizi wanaupata.

Utaratibu huo Sista Pumzi hakuutoa kitabuni. Aliutoa sebuleni kwa mama yake.

Mama yake alikuwa fundi cherehani, na mtaa mzima ulimwita Bi Fundi. Enzi zake mlango wake ulikuwa wazi tangu alfajiri mpaka watu wanapokwenda kulala. Mtu akiwa na lake zito rohoni aliingia tu, akaketi. Bi Fundi hakumuuliza ana nini. Alimtupia gauni kuukuu mapajani na kumwambia, "Nisaidie kufumua hii," kisha akarudi kwenye cherehani yake. Mtu angefumua, angelia kidogo, angepenga kamasi, angeaga na kwenda zake. Waliokuwepo walikaa naye, nao wakifumua, bila kumkodolea macho. Bi Fundi alifunzwa hivyo na bibi yake, ambaye kabla cherehani hazijajulikana alikuwa akifumua mikeka iliyochakaa, na bibi huyo naye alifunzwa na waliomtangulia. Sheria zake zilikuwa chache na hazikuwa na mjadala: mwenye shida haulizwi, mikono haikai bure, mlango haufungwi.

Sista Pumzi aliongeza mambo mawili tu. Aliongeza namna ya kupumua, aliyojifunza kwenye mafunzo ya wauguzi, na aliongeza mashine ya kupimia. Mengine yote yalikuwa ya mama yake, na hilo alilisema waziwazi kila alipofungua kikao. "Mimi nimelelewa kwenye nyumba isiyofungwa mlango," alikuwa akisema, na watu walipenda kulisikia. Miaka yote alilisema kwa fahari. Siku hizi alilisema mkono ukiwa mfukoni, umeshika ufunguo.

Akili ya Bi Fundi ilikuwa imemtoka kidogo kidogo. Alianza kwa kusahau sufuria motoni, akaja kusahau njia ya kurudi nyumbani, na mwishowe akasahau kwamba huyu mwanamke mwenye miwani anayemwogesha ni mwanawe. Ila mikono haikusahau kitu. Sista Pumzi alikuwa akienda naye ukumbini, na yule bibi alifumua kuliko wote huku akiwatania wanaume kwa vidole vyao vizito. Mambo yalikwenda vizuri mpaka siku walipokuja wageni, watu wakubwa, wamevaa viatu vinavyong'aa. Kimya kilipotanda, Bi Fundi alisimama katikati ya duara, akapandisha gauni, akachuchumaa na kukojoa pale pale sakafuni, bila wasiwasi, kama yuko chooni kwake.

Mgeni mmoja aliuliza kwa sauti ya chini, "Huyu ni nani?"

"Ni mmoja wa wagonjwa wetu," Sista Pumzi alijibu.

Bi Fundi alisikia. Aliteremsha gauni, akanyoosha mkono kwa adabu kama mtu aliyetambulishwa. "Ndiyo, mimi ni mgonjwa wao," alisema. "Karibuni sana."

Watu wa mtaa waliokuwepo waliinamia nguo zao, kila mmoja akafumua kama analipwa. Tangu siku hiyo Bi Fundi hakuonekana tena ukumbini. Waliomuulizia waliambiwa, "Yuko kwa kaka yangu. Kule kuna nafasi, kuna hewa nzuri." Na kaka mwenyewe, akipiga simu kutoka huko mbali, aliambiwa, "Mama hajambo, hakosi watu wa kukaa naye." Huku uongo, kule uongo, na katikati chumba kimoja chenye redio.

Kufuli alilinunua akisema ni kwa ajili ya magari, kwamba mama atatoka agongwe. Kweli magari yalikuwepo. Lakini akiwa peke yake aliujua ukweli vizuri sana: alikuwa anamwonea haya mama yake. Na kumwonea haya mama aliyekufundisha kila unachosifiwa nacho ni jambo linalomla mtu ndani kwa ndani, wala halipungui kwa kuvuta pumzi. Alijaribu. Mara nyingine alikaa kwenye duara, akafumua, akapumua, na akajipima mwenyewe kwa siri. Mshale ulikataa kushuka.

Na kulikuwa na lile la mama wa mkaa, ambalo ndilo lililomfunga mdomo kabisa.

Mama wa mkaa aliuza mkaa kwenye kona ya barabara na alikuwa mtu wa kikao tangu mwanzo. Baba mkwe wake alikuwa mzee aliyepotewa na akili, mpiga kelele, mtukanaji, na mama wa mkaa alikuwa akimfungia ndani ili aweze kwenda kuuza. Siku moja, baada ya kufumua, alilisema hilo mwenyewe, kwa hiari yake, machozi yakimtoka. Sista Pumzi alisahau sheria zote za sebuleni kwa mama yake. Alisimama mbele ya watu akafoka, "Unamfungia mtu mzima ndani kama mbuzi? Halafu unakuja hapa kukaa na sisi kuvuta pumzi?"

Kesho yake mama wa mkaa alimpandisha mkwewe kwenye mkokoteni pamoja na magunia, akawa anakwenda naye kwenye kona kila siku. Mzee alikaa pale, uso mweusi kwa vumbi la mkaa, akiwatukana wateja mpaka wengine wakawa wanakuja kununua kwa ajili ya matusi tu, na hivyo ndivyo alivyoishi mpaka Mungu alipomchukua. Watu walimsifu Sista Pumzi kwa msimamo wake. Wakati ule Bi Fundi alikuwa bado na akili zake timamu, na kusema kulikuwa rahisi.

Sasa tuje kwenye asubuhi yenyewe.

Mtafiti kutoka chuo kikuu alikuwa anakuja na vifaa vyake. Alikuwa binti mchangamfu, msomi hasa, asiye na maringo, aliyetaka kujua kama mioyo ya watu wanaokaa pamoja kimya huanza kwenda mwendo mmoja. Kila mtu angevaa mkanda kifundoni mwa mkono, na mapigo yake yangeonekana ukutani kama mstari. Utafiti huo ukifanikiwa, kikao kingeenea kwenye zahanati nyingine nyingi. Sista Pumzi aliamka akiwa na roho juu. Alimwandaa mama yake harakaharaka, akawasha redio, akafunga. Alipotoka kichochoroni aliona wafanyakazi wa maji wanachimba barabara kuu, udongo umerundikwa huku na huku, na wazo lake lilikuwa moja tu: gari la mgeni litapita wapi? Hakuwaza kwamba watu wote wanaotoka upande wa sokoni watalazimika kukatiza kichochoroni, chini ya dirisha lake.

Saa ya kikao ilipofika, nusu ya viti ilikuwa mitupu.

"Sista, watu wako wamegoma leo?" mtafiti alimtania huku akiunganisha nyaya.

"Wanakuja, daktari. Ni hiyo barabara," Sista Pumzi alisema, akicheka kicheko cha juujuu. Moyoni aliwakasirikia. Siku zote wanakuja, leo ndiyo wamchezee hivi?

Waliamua kuanza na waliopo. Mtafiti alimvalisha Sista Pumzi mkanda wa kwanza, na mara mstari wake ukatokea ukutani, ukipanda na kushuka, watu wakashangilia kama wanaangalia mpira. Ghafla umeme ukakatika. Ukuta ukawa ukuta. Walisubiri, wakapiga soga, mpaka mlinzi wa zahanati alipoliwasha jenereta, nalo likaunguruma huko nje na mstari ukarudi.

"Tunaendelea," alisema mtafiti. "Sista, fungua kikao kama unavyofungua siku zote."

Sista Pumzi alisafisha koo. "Mimi," alisema, "nimelelewa kwenye nyumba isiyofungwa mlango."

Mstari uliruka juu kama umechomwa sindano.

"Oneni!" mtafiti alipiga makofi. "Mmeona hapo? Ametaja nyumbani tu, moyo umeruka. Hayo ndiyo mapenzi ya mama, ndugu zangu, yako mpaka kwenye damu!"

Watu nao wakapiga makofi. Sista Pumzi alisimama pale akipigiwa makofi kwa uongo wake uliochorwa ukutani, na kama ardhi ingepasuka angetangulia yeye kuingia. Alitamani kuung'oa ule mkanda. Alijilazimisha kutabasamu, akasikiliza jenereta linavyonguruma, na ndipo wazo lilipompiga: umeme umekatika. Kama umekatika hapa, umekatika na nyumbani. Redio imenyamaza.

Mstari ulipanda tena, na safari hii haukushuka.

Alikuwa bado anatafuta kisingizio cha kutoka pale kinyozi alipoingia. Kinyozi huyu alikuwa mtu wa maneno mengi, asiyeweza kukunyoa bila kukueleza habari za mtaa mzima. Siku hiyo aliingia kimya, kofia mkononi.

"Sista, samahani," alisema. "Watu wako nyumbani kwako."

"Wanafanya nini?"

"Wamekaa."

"Wamekaa?"

"Wanafumua." Alikuwa anatazama sakafu. "Bi Fundi ndiye aliyetukaribisha. Dirishani."

Aliyejibu ni mtafiti, ambaye hakujua hili wala lile. "Bi Fundi ndiye yule mama? Si uliniambia yuko kwa kaka yako? Kumbe amerudi! Basi kikao kimehamia pale pale kilipoanzia! Twende wote, bahati gani hii?"

"Hapana, daktari. Nyumbani kubaya, kichochoro kibovu, na hiyo mitaro..."

"Sista wangu, mimi nimekulia kwenye matope. Usinionee haya."

Na kishikwambi chake, ile kompyuta bapa ya kushika mkononi, huyo akatoka.

Ilibidi waende. Mbele kinyozi, nyuma yake Sista Pumzi, kisha mtafiti na wale wachache waliokuwa ukumbini. Mkanda ulikuwa bado mkononi mwa Sista Pumzi, hakuna aliyekumbuka kuuvua, na kishikwambi kilikuwa kinaupokea moyo wake na kuutolea mlio: ti, ti, ti. Walivuka mtaro kwenye ubao, ti-ti-ti. Walipita kwa muuza maji, akawauliza kama wamebeba bomu. Kadiri walivyokaribia, ndivyo mlio ulivyoongeza mwendo, mpaka kinyozi akageuka mara moja kutazama, akageuza shingo upesi.

"Nani alianza?" Sista Pumzi alimuuliza kwa kunong'ona.

"Kukaa?" Kinyozi alisita. "Mama wa mkaa. Mitaro ilitukawiza sote. Redio iliponyamaza alimsikia bibi anaita, 'Karibuni ndani.' Akasukuma mlango, akaona kufuli. Tulipofika tulimkuta amekaa hapo chini. Na sisi tukakaa."

"Hakusema kitu?"

"Hakusema kitu."

Afadhali angesema. Afadhali angepiga yowe mtaa mzima ukajaa, akamwita mchawi, akamrudishia lile neno la mbuzi kama alivyorushiwa yeye. Matusi Sista Pumzi angejua la kuyafanya. Angejitetea, angelia, angetaja magari.

Walikata kona, na hao hapo. Watu wake wote waliokosekana ukumbini walikuwa wamekaa kichochoroni mbele ya mlango wake, wengine kwenye ndoo zilizopinduliwa, wengine kwenye matofali, wengine chini kwenye vumbi. Kila mmoja alikuwa na nguo mapajani na wembe wake mkononi. Hawakuzungumza. Juu yao, kati ya nondo za dirisha, ulikuwa umetoka mkono mwembamba, mweusi, wenye mishipa, umeshika shati kuukuu na kulipungia hewani.

"Nani hajapata?" sauti ya Bi Fundi iliita. "Wewe mwenye kofia, umerudi? Chukua, nisaidie kufumua hii. Lakini jamani, mbona mnakaa nje kama wadai? Ingieni ndani. Mlango uko wazi."

Hakuna aliyemsahihisha. Kinyozi alipokea lile shati kwa mikono miwili. "Nje kuna upepo, Bi Fundi," alisema. "Tunajipunga kwanza."

"Haya, mkichoka na upepo mwingie. Kwangu hapafungwi."

Ti-ti-ti-ti-ti, kilisema kishikwambi.

Mtafiti alikuwa amesimama. Alitazama dirisha, akatazama watu, kisha akaliona kufuli, kubwa, jipya, linang'aa kwa nje ya mlango. Uchangamfu wote ukamwisha usoni. Aliangalia kile kilichokuwa kinapiga kelele mkononi mwake, akakizima, akakiingiza kwenye mkoba na kufunga zipu. Kisha akatafuta tofali, akaketi.

Sasa kilichobaki kilikuwa umbali mdogo wa kutoka kwenye kona mpaka mlangoni, na watu wamekaa njia nzima. Sista Pumzi alipita katikati yao. Walikunja miguu kumpisha. Hakuna aliyeinua uso, na yeye mwenyewe ndiye aliyewafundisha hivyo: msimkodolee macho, msimuulize, mwacheni mtu na lake. Alikuwa amewaambia mara nyingi kwamba kimya hicho kinatuliza. Hakuwahi kukaa upande huu wa kimya hicho, na sasa kila hatua aliona aibu mpaka kwenye nyayo za miguu.

Mama wa mkaa alikuwa ameketi kwenye kizingiti chenyewe, mgongo ukiwa karibu kugusa mlango, vidole vyake vyeusi vinavuta uzi wa foronya. Hapo hapakuwa na namna ya kupita bila yeye kusogea.

"Mama," Sista Pumzi alisema. "Naomba... nifungue."

Mama wa mkaa alisogea. "Pita, Sista," alisema, kama anavyomwambia mteja yeyote.

Ufunguo ulitoka mfukoni mbele ya watu wote. Ulikataa kuingia, chuma kikawa kinakwaruza chuma, na katika kimya kile kila mtu alisikia. Alijaribu tena. Alijikuta anavuta pumzi, anaishika, anaiachia taratibu, na hata hilo alilionea haya. Kufuli likafunguka.

Bi Fundi alikuwa amekwishafika mlangoni kutoka ndani. Alisimama pale kwa gauni lake la maua, nywele zimetimka, uso umejaa furaha. Alimtazama mwanawe kuanzia kichwani mpaka miguuni, akaliona kufuli mkononi mwake.

"Ah, fundi!" alisema. "Umekuja. Kumbe mlango ulikuwa umekwama, ndiyo maana watu wangu hawaingii!" Aliwageukia wale waliokaa. "Jamani, mshukuruni huyu. Huyu ndiye aliyetufungulia."

Kisha mama wa mkaa, bila kuinua macho kutoka kwenye foronya yake, akasema, "Asante, fundi." Kama ilikuwa huruma au kisasi, nadhani hata mwenyewe hakujua. Na wengine nao, mmoja mmoja, kwa sauti za chini, kwa sababu bibi alikuwa anawasubiri, wakasema, "Asante, fundi."

Sista Pumzi angeweza kuliacha hapo. Uongo huu hakuutunga yeye, alikuwa amepewa na mama yake mwenyewe, na watu walikuwa tayari kumbebea. Siku ile ukumbini, mbele ya viatu vinavyong'aa, yule bibi alilipokea jina alilopewa na akakaribisha wageni nalo. Leo ilikuwa zamu ya mwanawe. Lakini alipiga magoti, akaishika miguu ile ile aliyoipaka mafuta asubuhi.

"Mama, si fundi," alisema, na alisema kwa sauti, kila mtu akasikia. "Mlango haukukwama. Mimi ndiye niliyefunga. Kila siku nafunga. Nilikuwa nakuonea haya, mama. Mimi mwanao."

Bi Fundi alimwinamia, akamtazama usoni kwa makini, kwa wema wote wa mtu anayejaribu kumkumbuka mgeni. Kisha akatikisa kichwa.

"Hapana, mwanangu ni muuguzi," alisema, na jinsi alivyojivuna akisema hivyo! "Muulize mtu yeyote hapa. Yule hawezi kumfungia mtu mlango. Nimemzaa mimi, namjua."

Sista Pumzi alilia. Hakulia kwa pumzi za mpango, alilia kwa kwikwi, kamasi zikimtoka, miwani imeangukia vumbini, na mkononi bado ameling'ang'ania lile kufuli. Bi Fundi alimwacha alie. Alipoona amelia kiasi, aliangaza huku na huku, akaichukua foronya mikononi mwa mama wa mkaa bila hata kumwomba, na kumtupia mwanawe mapajani.

"Nisaidie kufumua hii," alisema, akarudi ndani kukaa kwenye kiti chake.

Mama wa mkaa alimpa wembe. Kufumua kunataka mikono yote miwili, kwa hiyo Sista Pumzi aliliweka kufuli chini, pale kwenye kizingiti, mbele ya macho ya watu wote, akaanza kutafuta mwanzo wa uzi. Watu waliinuka na ndoo zao na matofali yao, wakampita, wakaingia ndani, wakamzunguka Bi Fundi. Wengine walibaki nje, karibu naye, kwa sababu chumba kilikuwa kidogo. Na kwa kuwa aliwafundisha vizuri, hakuna hata mmoja aliyemuuliza kitu.